Wanalipa Mguu au Wanalipa Usiku?

Wakili wetu alikuwa na faili la miguu. Ndivyo nilivyoliita moyoni siku ile ofisini kwake Mombasa: hukumu zilizochapwa, moja juu ya nyingine, kila moja na mfupa wa paja wa mtu fulani, mwaka fulani, mahakama fulani. Alikuwa akitafuta mguu unaofanana na wa shangazi yangu, aliyeumia matatu ilipoacha barabara karibu na Mazeras. "Huyu aliwekwa chuma, kama yeye," alisema. "Lakini wake haukufupika." Akauweka kando, akachukua mwingine.

Gharama za hospitali, nauli na dawa zilikuwa zimeshajumlishwa. Sheria inataka risiti, na shangazi hatupi risiti hata ya sukari. Kilichobaki ni maumivu, ambayo hayana risiti. Kampuni ya bima ilikuwa imetaja kiasi katika barua. Shangazi alisomewa, akanyamaza kidogo, kisha akauliza: "Mwanangu, hapo wanalipa mguu au wanalipa usiku?"

Alikuwa na miezi minane bila usingizi wa maana. Wakili alisema ni swali zuri, akarudi kwenye faili. Mimi nikaenda kusoma.

Mfalme Æthelberht wa Kent, Uingereza, ambaye sheria zake ziliandikwa mnamo mwaka 600 hivi, angejibu bila kusita: mguu. Jicho lilikuwa shilingi 50, sikio lililokatwa 12, kidole gumba 20, na ukucha wake 3. Maumivu hayamo. Ila kuna kifungu kimoja kilichonishangaza. Alama nyeusi ya pigo ikiwa mahali pasipofunikwa na nguo, ililipiwa sehemu ndogo 30 za shilingi. Ikiwa chini ya nguo, 20. Pigo ni lile lile na maumivu ni yale yale. Kilicholipiwa zaidi ni kuonekana, yaani aibu.

Warumi walikataa hata hilo. Gaius, mwanasheria wa karne ya 2, alieleza kwamba mtu huru akiumizwa na kitu kilichorushwa kutoka dirishani, atalipwa gharama za tabibu na kazi aliyoikosa, lakini kovu na ulemavu havikadiriwi, kwa sababu mwili wa mtu huru hauna bei. Nilipoisoma mara ya kwanza niliona ni heshima kubwa. Mara ya pili nikakumbuka ni nani aliyekuwa na bei: mtumwa. Na yule mtu huru akarudi nyumbani na heshima yake, akichechemea.

Mtumwa huyo anajitokeza tena katika sheria ya Kiislamu, ambayo wasomaji wa pwani wanaijua zaidi yangu. Diya kamili ni ngamia 100, kidole ni 10, jino ni 5. Kwa jeraha lisilo na kiwango, wanazuoni walipendekeza hesabu ngumu kuisoma leo: mchukulie majeruhi kana kwamba ni mtumwa, uliza angeuzwa kwa kiasi gani kabla na baada ya kuumia, kisha chukua tofauti hiyo kama sehemu ya diya. Lakini je, jeraha likipona kabisa, bila kovu? Hapo, katika Iraq ya karne ya 8, waasisi watatu wa madhehebu ya Hanafi waligawanyika. Abu Hanifa alisema hakuna malipo. Mwanafunzi wake Muhammad al-Shaybani alisema ilipwe gharama ya tabibu. Mwanafunzi mwingine, Abu Yusuf, alisema yalipwe maumivu yenyewe.

Nilimsimulia shangazi, ambaye ni Shafii kama wengi wa pwani. "Huyo Abu Yusuf," alisema, "aliwahi kuugua."

Mahakama zetu, hata hivyo, zilirithi sheria ya Waingereza, na humo kesi inayotajwa mno ni ya mwanamke wa miaka 41 aliyegongwa na lori mwaka 1959. Ubongo uliharibika, viungo vyote vinne vikapooza, hakuweza kusema. Ilionekana anawatambua waliomhudumia, lakini hakuna aliyejua kwa hakika anaelewa nini kuhusu hali yake. Alipewa pauni 17,500, na mwaka 1963 majaji watatu dhidi ya wawili wa Baraza la Malodi walikubali kiasi hicho kisiguswe. Wale watatu walisema aliyepoteza amepoteza, ajue asijue. Wawili waliona kwamba anayeijua hasara yake ana mzigo zaidi. Kwa lugha ya shangazi, watatu walilipa mguu, wawili walitaka usiku uhesabiwe zaidi. Nami, ingawa nampenda shangazi, sithubutu kusema wale watatu walikosea.

Miaka miwili baadaye, katika kesi ya Ward dhidi ya James, Mahakama ya Rufani ya Uingereza iliondoa karibu kabisa makadirio haya mikononi mwa baraza la wazee wa mahakama. Sababu: majeraha yanayofanana yapate pesa zinazofanana, na mawakili waweze kutabiri. Faili la miguu lilitokana na mantiki hiyo.

Kule Marekani, wakili Melvin Belli wa San Francisco alishika njia nyingine miaka ya 1950: kata maumivu vipande, siku kwa siku, taja bei ya siku moja, zidisha kwa umri uliobaki. Mwaka 1958 Mahakama Kuu ya jimbo la New Jersey iliwakataza mawakili hesabu hiyo. Shangazi angeipenda, bila shaka.

Waingereza nao wamezunguka wakarudi kwa Æthelberht. Tangu 31 Mei 2021 shingo iliyoteguka ndani ya gari ina bei ya jedwali. Iliyopona ndani ya miezi mitatu ilianzia pauni 240. Kenya ilijaribu jedwali lake mwaka 2013. Mahakama Kuu ikalibatilisha mwaka 2016, ndiyo maana wakili wetu bado anapekua karatasi.

Aliupata mguu mwezi uliofuata. Mwanamke, mchuuzi wa samaki, chuma ndani ya paja, mguu umefupika. Alifurahi kama mtu aliyeokota funguo.

"Naye alikuwa halali?" shangazi akauliza.

Wakili alifunua kurasa, akarudi nyuma, akafunua tena. Jaji alikuwa ameandika mstari mmoja kwamba alipata maumivu makali.

Shangazi akaichukua barua ya bima, akaikunja bila kutia sahihi, akaitia kwenye mkoba pamoja na risiti zake.