Serendipity: Kutoka Sarandibu Hadi Olbalbal



Juzi alikuja dukani kwetu bibi harusi mmoja, simu mkononi, anataka mtandio wake wa nikaha tuudarizi neno la Kiingereza pembeni kwa uzi wa dhahabu: "serendipity". Tukamuuliza maana yake. "Bahati tu, dada," akajibu. Ana miaka 32, na mtaani kwao wameshamwita sana "yule asiye na bahati". Neno lile kwake lilikuwa jibu lao. Lakini sisi hatudarizi neno tusilolijua, basi tukalitafuta.

Ni maneno machache yenye tarehe ya kuzaliwa, na hili linayo: 28 Januari 1754. Siku hiyo Mwingereza Horace Walpole alilitunga katika barua kwa rafiki yake Horace Mann. Alilitoa kwenye hadithi ya Kiajemi ya wana watatu wa mfalme wa Serendip, nchi ambayo Waarabu wakiiita Sarandibu na leo ni Sri Lanka. Ibn Battuta, aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, baadaye alikwenda huko pia, akapanda mlima ambao Waislamu wengi wanausimulia kuwa ndipo aliposhukia Nabii Adam. Na "bahati" yetu nayo asili yake ni Kiajemi, ikapitia Kiarabu. Kumbe maneno haya mawili ni jirani tangu zamani!

Ila si mamoja. Wale vijana wa hadithi waliona majani yameliwa upande mmoja tu wa njia, tena upande wenye majani mabaya, wakajua ngamia aliyepita ni chongo. Walpole alitaka neno la namna hiyo: kukutana na usichokitafuta, ukakitambua kwa sababu macho na akili viko kazini.

Mfano mzuri tunao hapa hapa nchini, Ngorongoro. Pale Olbalbal ndipo maji ya bonde la Olduvai yanapoishia. (Wamasai huliita Oldupai, jina la mkonge mwitu, wageni ndio waliolikosea.) Tarehe 17 Julai 1959 Louis Leakey alikuwa mgonjwa kambini. Mkewe Mary akatoka peke yake na mbwa wake, akaona mfupa umechomoza ardhini. Lilikuwa fuvu ambalo wataalamu walilikadiria kuwa na miaka 1,750,000. Wakaliita Zinjanthropus, kutoka Zinj, jina la kale la pwani yetu, lile lile lililomo ndani ya "Zanzibar". Mambo ya umri na asili ya mwanadamu kila mmoja ana mwalimu wake wa kumuuliza. Sisi tuko kwenye neno.

Watu husema Mary alibahatika. Alikuwa ameanza kufika bonde lile mwaka 1935! Hesabu wewe mwenyewe: miaka 24 ya jua, vumbi na kuinama. Tena korongo alilolipata fuvu lilikuwa na jina la Frida, mke wa kwanza wa Louis. Wanawake wenzetu, hapo mtajaza wenyewe.

Sisi Waislamu tunajua hakuna linalotokea nje ya kadari ya Mwenyezi Mungu. Ndiyo maana "hana bahati" linatukera. Anayelisema anajifanya ameona kilichoandikwa, na anafuta kila alichokifanya yule dada: subira yake, dua zake, macho yake.

Tulimsimulia bibi harusi wetu yote haya. Akanyamaza, kisha akacheka. Akasema wachumba wawili wa mwanzo aliwakataa mwenyewe. Mmoja alisema hajaoa, naye akaona risiti ya nguo za mtoto mchanga imechomoza mfukoni mwake; kuulizia, ana mke Tanga. Huyu wa sasa alikutana naye alipompeleka shangazi yake hospitali, wala hakuwa na habari ya mchumba siku ile.

Tukamuuliza kama neno libaki. "Libaki," akasema, "ila liwekeni kwa ndani, nilione mimi." Uzi wa dhahabu ulitupungukia herufi mbili za mwisho, tukamalizia kwa wa fedha. Mtandio anauchukua Alhamisi, inshallah.