Joto la Mama na Mtoto: Elimu ya Nyanya Zetu Ilitoka Wapi?

Nyanya, mashangazi na wakwe mnaolea wajukuu, jambo la leo ni lenu zaidi. Tutaongea juu ya baridi.

Najua utacheka. Baridi hapa Mnarani, mahali ambapo leso moja yatosha kujifunika usiku? Lakini ingia nyumba yoyote yenye mzazi. Utakuta maji yachemka ya kumkanda, uji wa pilipili manga uko jikoni, tumbo limefungwa leso, na dirisha limefungwa. Ukiuliza kwa nini, jibu ni moja: asiingiwe na baridi.

Jibu hilo lina historia ndefu, na ushahidi uko kinywani mwako mwenyewe. Mzee akiumwa na viungo twasema ana baridi yabisi. Yabisi ni neno la Kiarabu, maana yake ni kavu. Kwa hiyo twasema ana baridi kavu, ingawa wengi hatujui kwamba tunataja somo la matabibu wa kale.

Somo lenyewe lilianza kwa Wagiriki, kina Hippocrates, zaidi ya miaka 2,300 iliyopita. Galen, tabibu aliyezaliwa mwaka 129, akalipanga. Walisema mwili una maji manne: damu ambayo ni moto na yenye unyevu, balghamu ambayo ni baridi na yenye unyevu, nyongo ya manjano ambayo ni moto na kavu, na nyongo nyeusi, baridi na kavu. Yakilingana, mtu ni mzima. Moja likizidi, amepatwa na ugonjwa, na dawa ni kumpa kinyume chake: wa baridi apewe cha moto, wa moto apewe cha baridi.

Katika karne ya 9 vitabu vya Galen vilitafsiriwa kwa Kiarabu mjini Baghdad. Kisha akaja Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, akaandika kitabu kikubwa kiitwacho Al-Qanun, yaani Kanuni ya Utabibu. Vyuo vya Ulaya vilikisomesha hadi miaka ya 1600. Kule India tiba hiyo yaitwa Yunani hadi leo, yaani ya Kigiriki.

Pwani yetu haikuwa mbali na hayo. Majahazi yalileta watu, na watu walikuja na maneno na dawa zao. Ndiyo maana twasema tabibu, balghamu na harara. Ibn Battuta alipopita Mogadishu mwaka 1331 alikaribishwa chakula chenye tangawizi na pilipili, vitu ambavyo elimu ile iliviita vya moto. Magofu ya msikiti hapa Mnarani, juu ya hori, yalijengwa na watu wa bahari hiyo hiyo. Wanawake hawakuhitaji kusoma Al-Qanun. Mama alimwambia binti, mkunga akamwonyesha mwali: asali na tangawizi ni moto, dafu na tango ni baridi, na mzazi aliyetokwa na damu amepoteza joto lake, basi arudishiwe kwa siku arobaini.

Na si sisi peke yetu. China ina elimu yake, mbali na ya Wagiriki. Tabibu Zhang Zhongjing aliandika kitabu kizima juu ya maradhi yaletwayo na baridi, yapata miaka 1,800 iliyopita, na mzazi wa Kichina mpaka leo hukaa ndani mwezi mmoja akila vya moto.

Sasa mama, wauliza: wewe nesi wasemaje? Nasema yale maji manne yamepitwa na wakati, hatutibu tena kwa hesabu hiyo. Lakini kuhusu mtoto mchanga, wazee walishika jambo la kweli kabisa. Mtoto huzaliwa akiwa amelowa. Mfikirie mtu aliyetoka kuoga horini wakati wa kusi: jua lawaka, naye atetemeka. Mtoto mchanga hata kutetemeka hajui. Joto lake lafaa kuwa kati ya nyuzi 36.5 na 37.5. Likishuka, hulegea, hashiki titi, sukari ya mwilini hupungua, na aweza kufa hapa hapa kwenye joto letu la pwani. Kwa hiyo akaushwe mara moja, avikwe kofia, alazwe kifuani kwa mama, na asioshwe mpaka saa 24 zipite. Hapo ndipo nisipokubaliana na nyanya anayetaka aogeshwe haraka atoke uchafu. Ule utando mweupe si uchafu, mwachie.

Kwa mzazi, uji wa moto na mapumziko ni mema, na kukandwa na mkono wa upendo humfariji. Lakini nimeona mapaja yaliyobabuka. Maji yawe ya vuguvugu, na yasimwagwe juu ya mshono. Jiko la makaa lisiwekwe chumbani na mlango ukafungwa: moshi usioonekana huua mama na mtoto wakiwa usingizini. Asimnyimwe matunda na mboga kwa kuitwa baridi, damu yake yahitaji kurudi. Na asali, hata iwe ya moto vipi, mtoto asipewe kabla ya kutimiza mwaka mmoja.

Hospitali nazo zilihangaika na joto. Huko Paris, miaka ya 1880, daktari Stéphane Tarnier alitumia sanduku la joto kwa watoto njiti, wazo lililotokana na mashine ya kuangulia vifaranga. Mashine hizo ni ghali, na umeme ukikatika hazina maana. Mwaka 1978 mjini Bogotá, Colombia, daktari Edgar Rey Sanabria alikuwa na watoto wengi na masanduku machache, akawafunga vifuani mwa mama zao, ngozi kwa ngozi. Ndiyo huduma ya kangaruu. Mwaka 2021 yalitoka matokeo ya utafiti uliofanywa Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania: watoto wadogo waliowekwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa walikufa kwa uchache wa robo kuliko waliosubiri kwanza. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likashauri hivyo kote.

Baba aweza kumbeba, nyanya pia. Kifua chochote chenye afya na safi chafaa.

Nyumbani, gusa tumbo la mtoto, kisha nyayo. Nyayo zikiwa baridi na tumbo lina joto, mweke kifuani, wote mjifunike leso, umnyonyeshe. Tumbo nalo likiwa baridi, au hanyonyi, au amelegea, usichemshe kitu chochote. Mfunge hapo hapo kifuani uje naye zahanati, hata iwe usiku.