Ngome ya Yesu: Kutoka Gereza hata Makumbusho

Gereza ni neno lililosafiri mbali. Wanachuoni wengi hulirejesha kwenye neno la Kireno lenye maana ya kanisa. Baadaye watu wa pwani waliliita gereza jengo la ngome, na mwisho likawa jina la nyumba ya wafungwa. Azuruye Ngome ya Yesu huko Mombasa huona safari hiyo ya neno imeandikwa katika mawe.

Wareno waliijenga ngome hiyo mwaka 1593 hata 1596, kwa ramani ya Mtaliano Giovanni Battista Cairati, juu ya mwamba wa matumbawe ukingoni mwa bahari. Ndani yake kanisa na mizinga vilikaa pamoja. Waarabu wa Omani waliizingira tangu Machi 1696 wakaitwaa Desemba 1698. Mwaka 1895 Waingereza waliifanya jela, ikawa hivyo hata 1958. Kwa miaka zaidi ya sitini, mwenyeji aliyefungwa humo hakupita lango lile kwa hiari yake.

Makumbusho yalifunguliwa mwaka 1960. Mhifadhi wake wa kwanza alikuwa James Kirkman, mchimbuzi wa mambo ya kale, ambaye tangu 1948 alikuwa akifukua magofu ya Gedi. Hazina ya kwanza ilitoka ardhini: vigae, mitungi na vyombo vya kaure. Kisha bahari nayo ilitoa amana yake. Merikebu ya Kireno Santo António de Tanna, iliyozama mbele ya ngome mwaka 1697 wakati wa mazingiwa yale, ilianza kuchunguzwa na wapiga mbizi mwaka 1977, na vitu vilivyopatikana vikaongezwa katika makumbusho.

Lakini swali moja halikwepeki. Je, yafaa historia ya mji kukaa katika nyumba iliyojengwa ili kuutiisha mji huo? Wako waonao kuwa ni fedheha. Hoja yao ina uzito, kwani mgeni aanzaye kwa kuitazama mizinga aweza kudhani kuwa Mombasa ilizaliwa mwaka 1593. Dhana hiyo ni potofu. Ibn Battuta alifika Mombasa mwaka 1331, akakuta watu wacha Mungu na msikiti uliojengwa kwa mbao. Ngome ni changa. Mji ni mkongwe.

Basi dawa si kuikimbia ngome, bali ni kubadili mahali pa kuanzia. Mwanafunzi na aanze kwa kigae, si kwa mzinga. Kigae cha Kichina kilichofukuliwa Gedi chamwambia kuwa babu zake walifanya biashara na nchi za mbali kabla ya merikebu ya Mreno kuonekana. Akisha kukijua hicho, na apande ukutani autazame mzinga. Hapo ataujua kwa jina lake: mgeni aliyekuja akakuta wenyewe.