Moshi wa bibi, ua la pareto na mashimo ya Geita

Nimekuwa kimya kibarazani hapa kwa wiki mbili, wadau mnisamehe. Gazeti lilinituma Geita kuandika habari za wachimbaji wadogo, nikarudi na kitu ambacho mhariri hakuagiza: malaria.

Ilikuwa hivi. Mvua ilikuwa imenyesha, mashimo yaliyoachwa yamejaa maji, na sisi tumelala chini ya turubai. Chandarua nilikiacha gesti mjini (msinicheke). Kijana mmoja akatupia majani mabichi kwenye moto, na ile harufu ikanirudisha Shinyanga, nyumbani kwa bibi. Kivumbasi! Nikalala kwa amani kama mtoto. Saa nane usiku moto ukazimika. Yaliyofuata mnayajua.

Nikiwa kitandani, dawa mseto mezani, nikaanza kujiuliza: hivi bibi alikuwa anatudanganya miaka yote ile?

Hakutudanganya. Mwaka 1973 jarida la tiba la Afrika Mashariki lilichapisha utafiti juu ya jamii ya kivumbasi kama mimea ya kufukuza mbu. Mwaka 1981 wakemia waliochunguza kivumbasi cha Tanzania walikuta ndani yake yujinoli, mafuta yale yale yanayoipa karafuu harufu yake, na wakaona kweli inafukuza mbu. Bibi hakusoma hayo majarida. Yeye alichoma kivumbasi, akiongeza mavi makavu ya ng'ombe ili moshi udumu. Tukiumwa alituosha kwa maji baridi, akakata jani la shubiri na kutupaka ule ute wake. "Usijikune, ng'wanawane," alisema. Ushauri huo ni mzuri hata leo, maana kucha chafu hugeuza kipele kuwa kidonda.

Tatizo la moshi ni moja tu: moto huzimika na mbu hazimiki. Tatizo hilo hilo lilimsumbua Mjapani mmoja, Eiichiro Ueyama. Mwaka 1890 alitengeneza vijiti vya kufukiza kutokana na unga wa pareto, lile ua jeupe lenye moyo wa njano. Vijiti viliisha kabla watu hawajapitiwa na usingizi. Inasimuliwa kwamba mkewe, Yuki, ndiye aliyemwambia avizungushe kama nyoka aliyejikunja. Hapo ndipo ilipozaliwa dawa ya mbu ya kuchoma tunayonunua dukani kwa Mangi.

Pareto ikaja kwetu. Kuanzia miaka ya 1930 ililimwa kwenye nyanda za juu za Kenya na Tanganyika, na baadaye Kenya ikaongoza duniani. Kisha DDT ikatikisa soko. Mwaka 1973, kule Rothamsted, Uingereza, Michael Elliott na wenzake wakatangaza pemetrini, kemikali iliyoiga sumu ya pareto lakini isiyoharibiwa haraka na jua. Mwaka 2003 kiwanda cha A to Z cha Arusha kikaanza kutengeneza vyandarua vyenye pemetrini ndani ya uzi. Kwa hiyo chandarua nilichokiacha gesti ni mjukuu wa ua!

Sasa turudi kwetu. Miaka ya 1920 serikali ya mkoloni, chini ya C.F.M. Swynnerton, iliwahamasisha Wasukuma kufyeka mapori ya Shinyanga ili kuwaondoa mbung'o. Mbung'o wakapungua. Lakini ufyekaji, pamoba, mifugo na kuni vikaendelea kwa miongo mingi, hadi Shinyanga ikaitwa jangwa. Mwaka 1986 ulianza mradi wa HASHI, na watu wakarudisha ngitili zao, yale malisho ya kuhifadhiwa ya wazee, kwa mamia ya maelfu ya hekta. Pori likirudi, na dawa zake zinarudi.

Upande wa Geita tunachimba. Mbu wa malaria aina ya gambiae hupenda madimbwi madogo yenye jua. Shimo lililoachwa wazi likajaa mvua ni nyumba ya bure kwake. Tunatoa dhahabu, tunamwachia mbu bwawa.

Na mbu naye amesoma. Kanda ya Ziwa wengi wamezoea dawa za ukoo wa pemetrini. Huko Misungwi, jirani kabisa na Shinyanga, utafiti uliochapishwa mwaka 2022 ulionyesha kuwa vyandarua vilivyoongezewa dawa ya pili, klofenapiri, vilipunguza malaria kwa watoto kwa asilimia 44 katika miaka miwili, vikilinganishwa na vya kawaida.

Sasa niseme nini? Wapo wasomi wenzangu wanaocheka kivumbasi kwamba ni ushamba. Wapo wengine wanaosema cha asili kinatosha, hospitali ni biashara. Wote wananikera, na nilikuwa kundi la pili kwa usiku mmoja tu, nikalipa. Bibi mwenyewe hakuwa hata kundi moja. Alichoma kivumbasi jioni tukiwa tunaota moto nje, na muda wa kulala ukifika alituchomekea chandarua chini ya godoro kwa mikono yake. Mtoto akichemka usiku, alfajiri wako njiani kwenda zahanati.

Mimi nilikumbuka moshi, nikasahau chandarua.

Nawasilisha. Na wewe, kwenu mlichoma nini?