Masala Kulangwa na Shing'weng'we: Hadithi ya Wasukuma Juu ya Jamaa Waliopotea

Shishiyu iko upande wa mashariki wa Usukuma, katika nchi iliyofanywa mkoa wa Simiyu mwaka 2012, makao yake makuu yakiwa Bariadi. Ni nchi ya pamba, ng'ombe na mtama. Na hadithi ya watoto iliyo mashuhuri sana Usukumani haieleweki vema bila ya mtama huo.

Zimwi Shing'weng'we liliwameza watu wote wa dunia pamoja na mifugo yao. Mwanamke mmoja tu, naye mjamzito, alisalimika kwa kujificha ndani ya lundo la pumba. Msikilizaji wa mjini huenda akapapita hapo upesi. Mtoto wa mkulima hapapiti, kwa kuwa lundo la namna hiyo hubaki kando ya uwanja wa kupuria baada ya mavuno, wala hapana mtu alithaminiye. Humo ndimo ilimosalia mbegu ya wanadamu.

Mwana aliyezaliwa aliitwa Masala Kulangwa; na masala kwa Kisukuma ni akili. Alipokua alimwuliza mama yake kwa nini wako wawili tu. Alipokwisha kuambiwa, alitoka kumtafuta adui asiyemjua hata kwa sura. Akaua panzi, akarudi akiimba kwa ushindi; mama akamjibu kwa upole kuwa huyo ni panzi tu, na wamchome wamle. Akaua ndege, akaua paa, na kila mara shangwe ni ile ile na jibu ni lile lile. Hatimaye akalikuta zimwi lenyewe, akaliua, akalipasua. Wakatoka baba yake, jamaa zake na watu wote.

Wachunguzi wameizoea hadithi hii kama mojawapo ya jamii kubwa. Alice Werner, katika kitabu chake cha mwaka 1933, alieleza mazimwi wamezaji wa Kibantu, na Lesotho imo. Unguja yuko Nunda, mla watu, katika hadithi alizozichapisha Edward Steere mwaka 1870; huko pia kijana huua mnyama baada ya mnyama, na mama hukana kuwa ndiye. Lakini Nunda afapo, furaha ni ya walio hai, kwa kuponywa hofu. Katika hadithi ya Usukuma waliopotea hurudi, na tofauti hii si ndogo hata ifichwe chini ya jina moja la aina.

Tena hurudi na uchungu wao. Kisu cha kijana kilimkata sikio kikongwe mmoja, naye akamtukana mwokozi wake, akataka kumloga. Masala Kulangwa alilindwa na rafiki zake, akatafuta dawa, akamponya bibi huyo. Ndipo akasimikwa mtemi, na mama yake akawa mama wa mtemi. Utemi wenyewe ulifutwa kwa sheria mwaka 1963, lakini kiti hicho hakikuondolewa katika hadithi.

Mapadre Joseph Healey na Donald Sybertz, katika kitabu chao cha mwaka 1996, walimfananisha kijana huyu na Kristo. Kwa habari ya ukombozi mfano huo unafaa. Kwa panzi haufai: Masala Kulangwa ni mkombozi akoseaye mara nyingi, na kila akikosea, yule aliyempoteza mume na jamaa zote humpokea, akakoka moto, wakala.