Kumbukumbu ya kompyuta: Nani huiachia?

Kila programu inapofanya kazi hukopa nafasi katika kumbukumbu ya kompyuta. Isipoirejesha, nafasi hupungua, kompyuta huzorota na hatimaye programu hukatika.

Lugha ya C, iliyobuniwa na Mmarekani Dennis Ritchie mwaka 1972, humwachia mwandishi wa programu kazi zote mbili: kuomba nafasi na kuiachia. Akisahau kuiachia, kumbukumbu huvuja. Akiitumia baada ya kuiachia, data huharibika na wadukuzi hupata mwanya.

Java, iliyotolewa mwaka 1995, husaka yenyewe data isiyofikiwa tena na kuiachia nafasi yake. Mfumo wa DHIS2, unaopokea takwimu za vituo vya afya nchini, vikiwamo vya Karagwe na Kyerwa mkoani Kagera, umeandikwa kwa Java. Hata hivyo, Java haigusi data ambayo programu bado inaishikilia bila kuihitaji. Hivyo wasimamizi wa seva hawana budi kuitengea kumbukumbu ya kutosha na kuifuatilia, ili taarifa za zahanati zisikwame.

Rust, iliyotolewa rasmi mwaka 2015, huipa kila data mmiliki mmoja. Muda wa mmiliki ukiisha, nafasi huachiwa papo hapo.