Jembe la Tabora Lilishindwa na Nini?

Historia ya Tabora huandikwa kwa pembe za ndovu, watumwa na bunduki. Msomaji anawajua Burton na Speke, waliofika Kazeh, eneo la Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba 1857 baada ya safari ya siku 134 kutoka pwani. Anamjua Livingstone aliyekaa Kwihara mwaka 1872, anamjua Mirambo wa Urambo aliyewafungia Waarabu njia, na Isike wa Unyanyembe aliyejilipua ndani ya ngome yake Januari 1893 asije akatiwa mikononi na Wajerumani. Bidhaa iliyopita katika mikono ya watu wengi kuliko pembe za ndovu haina shujaa wala vita. Ni jembe la chuma. Mwanzoni mwa miaka ya 1890, Wajerumani waliokuwa na kituo Tabora walikadiria kwamba majembe yapatayo 150,000 yalikuwa yakiletwa kuuzwa katika soko la mji huo kwa mwaka. Tuyahesabu kwa uzani mdogo, kilo moja kila jembe: ni tani 150, yaani mizigo 5,000 ya mpagazi wa kawaida abebaye kilo 30. Hata makadirio hayo yakipunguzwa kwa nusu, biashara hiyo inabaki kubwa mno kuwekwa kwenye tanbihi. Tena lilikuwa soko la wanunuzi wajuzi, waliolipia chuma kizuri kwa sababu walikijua, na jembe lao halikuondoka sokoni kwa sababu ya ubovu wake.

Majembe mengi ya Tabora yalitoka kaskazini-magharibi, Usumbwa na Uzinza, kuelekea kusini mwa Ziwa Victoria. Huko walikuwako Walongo, watu wa koo mbalimbali walioshikamana kwa kazi ya chuma, wakihamia palipo na mawe ya madini na miti ya makaa. Tanuri lao lilikuwa la udongo, likipulizwa kwa mivukuto kupitia mabomba ya udongo, na kilichotoka humo hakikuwa chuma kilichoyeyuka kama maji. Lilitoka bonge lenye matundu, limechanganyika na mavi ya chuma, sehemu moja laini na nyingine ngumu kiasi cha kuitwa chuma cha pua. Kazi ya mhunzi ilianzia hapo. Alilivunja bonge, akatazama, akapiga nyundo, akatenga vipande, akaviunganisha upya kwa moto, na kila pigo lilikamua uchafu uliobaki. Mwenye kiwanda cha kisasa hununua chuma kilichokwisha kupimwa. Mhunzi wa Usumbwa alikipima mwenyewe, kipande kwa kipande.

Upimaji huo ulikuwa na sababu yake, kwani jembe hufa kwa njia tatu: makali kulika, bapa kupasuka, na msuka kuvunjika ndani ya mpini. Chuma chenye kaboni kidogo hujipinda na kulika upesi katika mchanga. Chenye kaboni nyingi hushika makali vizuri, lakini kikigonga jiwe hukatika. Mkulima anataka ugumu penye makali na ustahimilivu penye msuka, na hayo mawili hayakai pamoja kwa urahisi katika kipande kimoja. Jembe la Tabora lilikuwa jibu la shida hiyo, lenye bapa pana lililofuliwa likawa jembamba kuelekea makali, na msuka mnene uliochomekwa katika tundu la mpini wenye kichwa kama rungu. Bapa lilipolika, mkulima alilirudisha kwa mhunzi. Muundo huo ulichukulia tangu mwanzo kwamba chombo kitatengenezwa tena.

Walio nje ya kazi hii huishia kwenye miiko. Mhunzi aliepuka mke siku za kuyeyusha, tanuri lilizungumzwa kama mwili wa mwanamke, dawa ilizikwa chini yake. Basi, husema baadhi ya waandishi, ule ulikuwa uchawi zaidi ya ufundi. Hoja hiyo inavunjwa na matokeo. Miaka ya 1970, Peter Schmidt na Donald Avery walishirikiana na wazee wa Buhaya, waliokumbuka kazi hiyo, kujenga tanuri na kuyeyusha chuma tena, na mwaka 1978 walichapisha maelezo kwamba mafundi wa magharibi ya ziwa walikuwa wakipata chuma chenye kaboni tangu miaka elfu moja na mia kadhaa iliyopita. Maelezo yao kuhusu jinsi hewa ilivyopata moto ndani ya mabomba yalipingwa na wataalamu wengine, na mjadala ule haukwisha. Uwezo wa tanuri lenyewe kutoa chuma kigumu haukukanushwa. Miiko ilikuwako, na chuma kilikuwako. Mtu anaweza kufunga na kuomba kabla ya kazi na bado akajua kazi yake.

Kuna pingamizi lenye uzito zaidi. Inawezekana watu walinunua jembe lile kwa desturi tu, kwa kuwa lilitumika kulipa mahari, na si kwa kuwa lilikuwa imara. Kweli, jembe lilikuwa mahari na lilikuwa akiba. Kwenye sehemu kubwa ya njia ya misafara lilifanya kazi ya fedha. Lakini tazama umbo lake. Katika bonde la Kongo zilikuwako fedha za chuma zilizokua zikawa mapambo, kubwa au nyembamba kiasi kwamba hakuna awezaye kulimia. Jembe lililouzwa Tabora lilibaki jembe: leo limetolewa mahari, kesho linafungua shamba jipya la mtama. Fedha ya namna hiyo inashikilia thamani yake kwa sababu mpokeaji anaweza wakati wowote kuacha kuihesabu kama fedha. Halafu kuna Wagogo, ambao hawakuhusika na mahari ya Wanyamwezi wa Tabora. Misafara ya Wanyamwezi iliyoshuka pwani ilibeba majembe mpaka Ugogo, ikayatoa kulipia hongo, chakula na maji. Mtemi wa Ugogo, aliyekuwa na misafara mingi ikimpitia mlangoni, hakuwa mtu wa kupokea chuma kibovu kwa heshima ya desturi za jirani.

Atabaki mwenye hoja ya usafirishaji, na huyu ndiye wa kusikilizwa kwa makini. Atasema: bidhaa nzito na rahisi kama chuma cha Ulaya haikuweza kubebwa kichwani kwa miezi mitatu hadi Tabora na bado ikaleta faida, mpagazi alipewa shanga, vitambaa na nyaya, vitu vyenye thamani kubwa kwa uzani mdogo. Kwa hiyo mhunzi wa Usumbwa alilindwa na umbali. Sehemu kubwa ya hoja hii ni kweli, na anayesifu ufundi wa bara bila kuitaja anajidanganya. Ila haielezi ni kwa nini majembe yalisafiri kwenda mashariki. Ugogo iko nusu ya njia ya kwenda baharini. Kama umbali pekee ndio uliokuwa ukilinda bidhaa ya bara, ulinzi huo ulipaswa kupungua kila hatua msafara ulipokaribia pwani, na kule ndiko majembe yalikokuwa yakipelekwa kuuzwa. Tukumbuke pia kwamba jembe hili lilikuwa likizunguka pamoja na chumvi ya Uvinza kabla pembe za ndovu hazijawa sababu ya kwenda Bagamoyo. Njia ya misafara ilikuta biashara ya chuma ikiendelea, ikaipanua.

Kilichoivunja kilikuja kwa mafungu. Kwanza kodi ya kibanda iliyotangazwa na Wajerumani mwaka 1897, ambayo polepole ilimlazimisha kila mwenye nyumba kutafuta rupia. Jembe likabaki chombo cha shamba, likapoteza sehemu ya soko lake. Kisha nguvukazi: kuyeyusha chuma kulihitaji vijana wengi wa kuchimba, kukata miti, kuchoma makaa na kuvuta mivukuto majira yote ya kiangazi, na vijana haohao sasa walitafutwa na mashamba ya mkonge na ujenzi wa reli. Mwisho reli yenyewe. Iliondoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro 1907, Tabora 1912 na Kigoma 1914. Safari iliyomchukua Burton siku 134 ikawa ya siku chache, na jembe la kiwandani likashuka stesheni ya Tabora kwa bei ambayo hakuna tanuri la Uzinza lingeweza kuifikia. Tukiri pia sifa yake: chuma cha kiwandani kina usawa, kila jembe ni sawa na jenzake, na mnunuzi asiyemjua mhunzi habahatishi sana. Hata hivyo, usawa si uimara. Mtu anaweza kununua majembe kumi yanayofanana yote yakajipinda.

Ushahidi wa mwisho unatokana na nani aliyebaki. Wayeyushaji walitoweka; hata Ufipa, kwenye matanuri marefu ya udongo yanayopita kimo cha mtu, moto ulizimwa katika miongo ya utawala wa Waingereza. Wahunzi hawakutoweka. Walichukua chuma chakavu wakaendelea kufua, na uchaguzi wao ulikuwa uleule wa mababu: springi ya gari kwa kitu cha makali, nondo laini kwa kitu cha kupindwa. Kama ujuzi wa kutofautisha chuma na chuma ungekuwa umeshindwa na bidhaa bora, ungekufa wote kwa pamoja. Ulikufa upande mmoja tu, ule ulioshindana na reli kwa bei.

Karibu na mwaka 1970 Tanzania ilipata kiwanda cha zana za kilimo pale Ubungo kwa msaada wa China, na baadaye kingine Mbeya. Maelezo ya viwanda hivyo mara nyingi huanza kana kwamba kabla yake nchi ililimia majembe ya kigeni na vijiti. Atakayeandika historia ya chuma ya nchi hii asianzie Ubungo, bali Usumbwa na Uzinza, na apite soko la Tabora.